Kufumba na Kufumbua

Nilimwambia daktari: macho yana mchanga,
ikifika saa kumi tarakimu zinaota manyoya,
sita inavaa nguo za nane,
na juzi nimemlipa muuza nyuzi wa Białystok
mara kumi ya alichotudai.

Bwana Ostrowicz akanimulika jicho moja, kisha la pili,
kimya, kama fundi anayesikiliza saa mbovu.
"Hupepesi, Bi Bogna."
Akahesabu kope zangu zinavyoanguka kwa dakika;
vidole vya mkono mmoja vilimtosha.

Nilitarajia dawa ya chupa.
Akaandika: kufumba na kufumbua, kutwa.
Na kila dakika ishirini, tupa jicho mbali.
Mbali wapi, nikauliza.
"Popote pasipo na mtu anayekudai."

Macho hayana pazia, husema watu.
Yanayo. Langu nililisahau wazi
miaka tisa, ghorofa ya nne
ya kiwanda hiki cha matofali mekundu, hapa Łódź,
kilichokuwa kikifuma pamba
na sasa kinafuma ankara.

Mama alifanya kazi humu humu,
ghorofa ya pili, kitengo cha ukaguzi:
kitambaa kikipita juu ya kioo chenye taa,
mita baada ya mita,
naye akisaka uzi uliokatika.
Jioni alilala chali kwenye benchi la jikoni,
pamba iliyochovywa chai baridi juu ya kope,
maji ya kahawia yakimtiririka hadi masikioni,
nami, mtoto, nikidhani analia chai.
"Leokadia, chakula!"
"Ngojeni. Bado naona mistari."

Basi nimepunguza mwanga wa skrini.
Nimeisogeza nyuma, urefu wa mkono.
Nimekuza herufi hadi Henryka wa meza ya dirishani
anasoma mishahara ya watu bila kuinuka.
Taa ya juu nimeizima; wananiita popo.
Kisha, saa nne na dakika ishirini, nikatupa jicho.

Lilianguka hapa hapa, kwenye vumbi la kioo.
Nikaliokota, nikalitupa tena:
reli ya tramu,
mlinzi akikwangua theluji kwa koleo,
bomba la moshi lisilotoa moshi tangu niwe darasa la tatu,
na ng'ambo ya uwanja, dirisha,
na ndani yake mwanaume wa sweta rangi ya haradali,
mikono kiunoni,
ananitazama.

Nikaona haya. Nikarudi kwenye ankara.
Saa nne na dakika arobaini, yupo.
Saa tano kamili, yupo.
Nilimlaani hadi Alhamisi,
Alhamisi ndipo nilipong'amua: hanitazami mimi.
Naye ana daktari wake,
ana kengele yake ya dakika ishirini,
na mimi, na shingo yangu iliyokakamaa,
na kikombe changu kilichovunjika sikio,
ndiye mbali yake.

Sijawahi kuwa mbali ya mtu.
Nikakaa wima kidogo.

Mama hatoki siku hizi. Ana watoto watatu sasa:
mimi, na mtoto wa jicho kila upande.
Upasuaji ni Machi; mpaka hapo
anakagua dunia kwa vidole,
anapapasa sweta yangu, anasimama begani:
"Hapa pamekatika uzi." Na kweli pamekatika.

Usiku nilimsimulia habari za yule mtu na dirisha.
Hakucheka. Aliniambia nilale kwenye benchi,
akaipapasa sufuria, akakamua pamba,
akanikosa jicho, chai ikanijaa puani,
akalipata.
"Fumba," akasema.
"Na kufumbua?"
"Kesho."