Kinu Kisicholala

Orofa ya pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo,
Kakamega, mvua ya saa kumi imeshuka kwa wakati wake
na mtandao umeondoka nayo.
Faili moja: megabaiti arobaini na mbili.
Mkataba mmoja wa mkulima mmoja wa miwa,
kurasa nne, mhuri, kidole gumba.
Mara elfu kumi na moja.

Miezi mitatu nilizibana kwa mkono.
Fungua, punguza, hifadhi, ipe jina, sukuma.
Fungua, punguza, hifadhi, sukuma bila jina.
Ijumaa moja nikasahau kupunguza,
na karani wa Malava akapiga simu,
kwa upole ulionichoma kuliko tusi:
"Dada, nilianza kuipakua kabla ya chai.
Chai tumekunywa. Chakula tumekula. Vyombo tumeosha."

Ndipo nikaandika mistari kumi na tisa.
Ndoano ndogo mlangoni mwa hazina yetu:
kila hati ipitayo inaswe, ipimwe,
ikizidi ibanwe, kisha iende zake.
Otiende akasoma, akaguna. "Na ikishindwa?"
Nikaongeza wa ishirini: ikishindwa, piga kelele.

Usiku ule nilikaa kuitazama tu
kama nilivyokaa utotoni huko Kabras
kando ya kinu cha sukari guru cha shangazi Nasambu:
miwa inaingia mirefu, inatoka makapi,
maji yanashuka karaini, yanachemka, yanakuwa mazito,
na mstari mzima wa shamba unageuka bonge
la kutosha kiganja.
Shangazi hakuwa na falsafa.
Alikuwa na kuni mbichi, na deni.

Kulipokucha, alama za kijani toka juu hadi chini.
Gigabaiti mia nne na ushei zimekuwa kumi na tisa.
Tukanunua mandazi.

Kisha, kwa mazoea tu, nikafungua moja.
Khasandi Wabuti, ekari moja na nusu.
Jina linasomeka. Ekari zinasomeka.
Mhuri wa kampuni unang'aa.
Gumba lake ni doa,
tone la wino lililoangukia karatasi kwa bahati mbaya.
Yeyote angeweza kuwa doa lile.
Hata kampuni.

Mashine haikukosea.
Pasipo na herufi iliona hapana kitu,
na mimi ndiye niliyeifundisha kuona.

Nikaizima. Nikarudisha hati za asili
kutoka diski iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli
ndani ya droo ya Otiende.
Mstari wa ishirini na moja
ulinigharimu siku nyingi kuliko ile ishirini:
tafuta gumba. Likate, liweke kando, usiliguse.
Mengine yote, bana.

Siku hizi karani wa Malava hupakua
maji ya chai yakiwa bado baridi.
Kinu kinasaga usiku kucha, mimi nalala.
Ila Ijumaa, kabla ya kuzima taa,
nachomoa hati moja bila kuchagua
na kuikuza mpaka skrini nzima ni ngozi,
nakuta matuta yamepinda, yamefuatana,
hakuna lililorukwa,
kama ya ekari moja na nusu
iliyolimwa na mtu asiye na haraka.