Supu Isiyo na Kitunguu

Subiri, Morzsa. Toa pua kwenye mlango wa friji.
Ni saa tatu tu ya asubuhi, na lami ya Szeged
imeshaanza kunata kwenye viatu vya tarishi.
Redio imesema nyuzi thelathini na tisa.
Redio haikujui wewe,
uliyevaa koti la manyoya lisilo na vifungo.

Kuku nilimchemsha jana usiku,
majini, peke yake, kama mkiwa.
Bila chumvi. Bila pilipili nyekundu ya unga.
Bila kitunguu! Mimi, Piroska,
ambaye kwa miaka hamsini sijainjika sufuria
kabla kitunguu hakijanitoa machozi.
Mama angenikana.
Lakini yule daktari wa wanyama, binti mwenye kucha fupi,
alininyooshea kidole:
kitunguu huila damu ya mbwa polepole,
kikiwa kibichi, kikiwa kimepikwa, kikiwa unga,
na kitunguu saumu ni ndugu yake.
Nikaitikia. Ndani ya basi nikakuomba radhi
kwa kila sahani ya Jumapili niliyokuachia uirambe.

Supu ile nikaionja.
Nikaijua.
Ndiyo supu ya wodi ya tatu,
aliyokuwa akiinywa Dezső figo zilipomgomea,
kijiko, pumzi, kijiko,
akisema, "Nzuri,"
yeye aliyenyunyiza pilipili hata kwenye tikiti.
Nikafunika sufuria, nikaenda kusimama uani kidogo.

Haya, tuendelee. Barafu haijitengenezi.

Barnabás ameingia na bakuli la zabibu
kutoka kwenye mzabibu alioupanda babu yake.
Anataka kutia mbili mbili katika kila kishimo cha trei,
"ziwe macho, bibi."
Nimeudaka mkono wake hewani.
Si zabibu, mwanangu. Si mbichi, si kavu, si hata moja.
Yule Fickó wa akina Kocsis alikula kishada kimoja kivulini,
na siku ya tatu hakukojoa tena.
Mtoto amenyamaza. Neno figo analijua.
Kisha amezila zote mwenyewe, mashavu yamemtuna,
akikutazama wewe, zisije zikakufikia.

Siagi ya karanga nimeisoma kibandiko
kwa kile kioo cha kukuzia stempu za Dezső.
Herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Natafuta zailitoli, ile sukari ya uongo
inayomlindia mtu meno na kumlaza mbwa chini.
Haimo. Karanga, basi.
Kijiko kimoja; wewe tayari ni mnene.

Mtindi mweupe usiotiwa kitu.
Tikiti maji, mbegu tumezitoa kwa ncha ya kisu,
maganda yamekwenda kwa kuku wa jirani.
Barnabás akataka vijiti, kama barafu za dukani.
Kijiti utakitafuna, utakimeza, nakufahamu.
Tumechomeka vipande vya karoti.

Trei ni ile ya bati, ya Dezső,
iliyokuwa ikigandisha barafu za mvinyo wake wa soda.
Kwenye kona moja imebonyea;
sikumbuki nani aliiangusha, pengine mimi.

Saa kumi jioni. Sasa njoo.
La, ngoja kidogo, iache ilainike:
jino lako la nyuma lilishapasuka kwa mfupa,
na pensheni yangu haina meno.

Ya tikiti umeinusa, ukaiacha.
Barnabás ameichukua na karoti yake.
Ya supu umeibeba hadi chini ya meza,
ukailaza juu ya ndara zake, zile nisizozitupa,
na ulimi wako unakwenda, unarudi,
ukiilowesha ngozi iliyokwisha kukauka.

Nimebandua kipande kimoja cha supu,
nikakitia mdomoni, nimesimama, mlango wa friji ukiwa wazi.
Hakina ladha.
Nimekimaliza.