Nusu ya Sahani

Tulifika Muheza msimu wa machungwa,
wakati hata mbuzi wa stendi wamekinai maganda.
Wanangu walianza kulalamikia mtandao
kabla hatujavuka reli.
Mwasiti peke yake alinyamaza, amekumbatia kazi yake ya likizo:
karatasi ya manila, mti wa ukoo, visanduku kumi na vitano,
na mwalimu amesema vyote vijazwe kwa wino.

Upande wa Mama ulijaa bila jasho.
Mama ni Mbondei wa hapahapa,
huwataja wafu wake kama mtu anayeita kuku:
Semboja, Mhina, bibi Mwanahawa wa Kicheba,
huyu alikufa kwa ndui, yule kwa ubishi.
Upande wa Baba, visanduku viwili vya juu
vikabaki vinatutazama.
"Alikuja na manamba," Mama akasema, "kutoka bara."
"Bara wapi?"
"Bara. Andika bara."

Chini ya kitanda likatoka kopo la majani ya chai,
na ndani ya kopo, kipande chake cha kazi:
siku thelathini, kila siku na alama ya karani,
namba 4417 kwa wino uliokataa kufa,
kisha jina: Butoyi.
Jina langu hilo. Nimelitilia sahihi benki,
nimeliandika kwenye kadi ya kliniki ya kila mwanangu,
wala sikuwahi kuliuliza limetoka wapi,
kama mtu asivyokiuliza kitovu chake.

Jumatatu, nyuma ya korona iliyokwisha kulala,
wakicheza kombolela kwenye mkonge wa maotea,
mwiba ukazama unyayoni mwa Mwasiti.
Nikambeba mgongoni hadi zahanati.
Nesi alikuwa msichana mgeni, mwezi wa pili tu tangu atoke Kasulu,
bado anashangaa joto letu.
Akafungua daftari.
"Mwasiti nani?"
"Butoyi."
Kalamu ikasimama.
"Butoyi? Na Bukuru yuko wapi?"

Sikuelewa. Akacheka, koleo mkononi.
"Kwetu mapacha hawasumbui mtu kutafuta majina.
Atanguliaye ni Bukuru, amfuataye ni Butoyi.
Butoyi hazaliwi peke yake, kaka."
Akauchomoa mwiba. Mwasiti hakulia,
alikuwa anahesabu.

Mama alikuwa anamenya mihogo nilipomwambia.
Kisu kikateleza, kikarudi.
"Kumbe."
Akamenya mwingine mzima ndipo akaendelea:
"Kila usiku alichora mstari kwenye ugali, kwa kidole.
Akila, akifika mstarini, ananawa.
Nusu inalala. Alfajiri anaila mwenyewe, ya baridi,
halafu huyo, shambani kukata mkonge.
Nikamwambia, unayadharau mapishi yangu.
Akasema, hapana.
Basi. Hapana.
Miaka thelathini na mitatu, mwanangu,
nimegombana na nusu ya sahani."

Nesi alimpigia mama yake Kasulu, akaweka sauti kubwa tusikie.
Mama mtu alicheka hadi akakohoa:
"Bukuru wa nyumba ipi? Rusheni jiwe sokoni,
litampata mmoja!"
Na huyo wetu, kama alibaki, amekwisha zikwa,
na wajukuu wake nao labda wana karatasi ya manila
na pengo upande wa kuume.

Mwasiti, mguu umefungwa bendeji,
akachora kisanduku cha kumi na sita
pembeni ya Babu yake, nje kabisa ya mpangilio.
Akaandika Bukuru. Kwa penseli.
"Mwalimu atakukata alama."
"Akate."

Usiku Mama akapakua. Hakusema kitu,
alipitisha kidole katikati ya ugali, tukala hadi mstarini,
hata yule kaka yake mlafi.
Asubuhi tukamkuta kuku jikoni, kapanda juu ya sinia,
anajichotea ile nusu bila haraka.
Mama yangu, anayefukuza hata kivuli cha kuku,
alisimama mlangoni na ufagio wake,
akamwacha amalize.