Mbuzi Wangu na Matobolwa ya Damari

Umeniuliza, Mwinjilisti, ni neno lipi lililonivuta.
Kalamu tayari, daftari limefunguka,
unangoja nitaje sura na mstari.
Pole. Nitakutajia mbuzi.

Nyinyi mlikuja Sikonge na vipaza sauti,
siku saba, uwanjani nyuma ya soko,
jenereta likikohoa kama mzee wa tumbaku.
Nilifunga dirisha, nikaongeza redio.
Moto mlioutaja sikuuona,
nilichoona ni usingizi wangu ukiungua.

Damari Kalunde ni jirani yangu, ua kwa ua.
Kila kiangazi huchemsha viazi, huvikata,
huanika matobolwa juu ya mwamba
mpaka yawe magumu kama soli, matamu kama siri.
Mwaka ule mbuzi wangu akakata kamba.
Hakubakiza. Hata mwamba aliulamba.

Akatoka, Mwinjilisti. Mama wa kwaya, sauti ya kwanza.
Akaipandisha sauti ileile inayobeba tenzi,
mtaa mzima ukasikia:
"Mbuzi hana kosa, kajifunza kwako!
Hata Nyanzala alikukimbia kwa uchoyo!"

Nyanzala ni mke wangu. Alikuwa mke wangu.
Wapita njia wakasimamisha baiskeli, mguu mmoja chini.
Na mimi, nikuambie kweli, nilifurahi.
Nikajisemea: kumbe ndio hawa,
Jumapili malaika, Jumanne nyuki.
Usiku ule nililala vizuri kuliko wiki nzima.

Alfajiri, hodi.
Kanga moja mabegani, macho mekundu,
mkononi hana Biblia, hana zawadi.
"Mwangaluka," akasema. Nikanyamaza.
"Viazi ni viazi, vitalimwa vingine.
Lile la Nyanzala halikuwa langu kulisema.
Nimekukosea. Naomba unisamehe."
Hakutaja mbuzi. Hakusema "lakini."
Niliitafuta hiyo "lakini" usoni mwake
kama ninavyotafuta nta kwenye asali iliyochujwa.

Ningesema yaliishia mlangoni. Hayakuishia.
Bombani, kwenye foleni ya ndoo, akatua yake:
"Mliosikia jana nikimtukana jirani,
sikieni na leo. Nilisema uovu."
Mmoja akacheka.
Ndoo ya mbele ikafurika, hakuna aliyefunga koki.

Sasa sikia. Mimi ni mnunuzi wa asali.
Stoo yangu ilikuwa na mapipa matatu:
mawili ya miyombo, safi, mizinga ya Ipole,
na la tatu, nusu yake sukari
niliyoichemsha mwenyewe usiku, mlango nimekomea.
Miaka sita nilipika hivyo na pipa likakaa kimya.
Siku ile likaanza kunitazama.
Hakuna aliyelisema. Damari halijui mpaka leo.
Yeye aliomba radhi kwa neno moja la hasira,
mimi nina lita mia mbili.

Mteja wangu alipokuja kutoka Tabora mjini
nikamwambia, hili lina sukari.
Akanishika paji la uso, akidhani ni malaria.
Akachukua yale mawili, na hajarudi tena.
Hilo nalo liandike, usiliruke:
hajarudi, na ada ya mtoto nilikopa.

Jumapili nikasimama nje ya uzio wa kanisa,
nikainamia baiskeli,
nikashikashika mnyororo uliokuwa mzima.
Damari akapita mbio, amechelewa,
kiwiko bado kina povu la sabuni.
"Umekatika?"
"Hapana."
Hakuniambia karibu. Hakunipa lile tabasamu lenu.
Akaingia, akaacha geti wazi.

Labda alisahau.
Ni msahaulifu, muulize mwenyewe.