Mshono

Boneti juu. Bolti sita za spana namba kumi
zimejipanga juu ya grili kama vifungo vya koti
la mtu anayependa kutazamwa.
Nafungua moja moja, natia kwenye kopo la samaki,
na Ugnė, binti wa dada yangu, anabandika karatasi:
mbele, juu. Ana miaka kumi na minne,
haamini kumbukumbu ya mtu yeyote.

Februari ya Marijampolė haina huruma na plastiki.
Klipu ambayo Agosti ingekubali kubembelezwa
leo inakatika tu, ta,
na nyingine, ta. Nusu inabaki tunduni
kama jino.

Kata usukani kushoto, namwambia, mkono upate njia.
Skrubu mbili ndani ya digadi la kulia,
mbili la kushoto, moja imeliwa na kutu hadi kichwa kimekuwa gololi.
Hiyo ilinila saa nzima na ngozi ya kidole.
Kisha tukashika, yeye huko, mimi huku,
tukavuta pembe kwa nje kwanza, si mbele, kwa nje,
taratibu, maana waya za taa za ukungu zilikuwa hazijaaga.
Bampa likaachia. Tukalilaza juu ya blanketi la bibi yake,
cheko lisilo na uso.

“Mbona gari linaona aibu?” Ugnė akauliza.
Nikamwambia magari yote ya mbio yako hivyo:
mwamba wa chuma, rejeta, feni, vumbi.
Kasi unayoiona barabarani ni sura ya kuvaa.

Nyuma ni rahisi, nikajisifu.
Zulia la buti, taa mbili,
nati nne zinazojificha nyuma ya taa.
Nikavuta.
Chini ya nyekundu kulikuwa na buluu.

Si tone, si mchirizi. Buluu ya kiwandani,
imelala mpaka kwenye kona ambazo hakuna mpaka rangi anayezifikia.
Nikang’oa zulia, nikang’oa viti,
nikaifuata buluu kwa magoti hadi katikati ya sakafu,
ilipokutana na nyekundu ya kweli.
Magari mawili. Moja liligongwa mbele, moja nyuma,
na mtu alizichukua nusu mbili zilizopona
akazifungisha ndoa kwa moto.

Ugnė akamulika. Mshono ulikwenda sawasawa,
vijipande vinalaliana kama magamba,
na kila baada ya shubiri, nukta:
mahali ambapo fundi huinua mkono avute pumzi.
Naujua mkono huo.
Uko kwenye geti letu. Uko kwenye baiskeli yangu ya kwanza.
Uko kwenye kitanda cha chuma, ghorofani,
anapolala sasa mwenye mkono.

Miaka ya tisini Zenonas alirudi usiku
macho yamevimba, akiyawekea vipande vya kiazi kibichi.
Mama akiuliza alikuwa wapi, anasema: nilikuwa naunganisha.
Hakusema nini na nini.
Sisi tulikula nyama.

“Babu alitengeneza mangapi kama hili?”
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu Jumapili za soko,
magari yaliyong’aa kwa safu, wanunuzi waliotoka mbali,
baba akipokea noti kwa vidole vyenye madoa ya kuungua,
akiwatakia safari njema. Aliwatakia kweli.

Nikapanda na picha kwenye simu.
Akaishika mbali na uso, kisha karibu,
akapitisha kidole juu ya kioo,
picha ikateleza, nikairudisha, akapitisha tena.
“Mshono mzuri,” akasema.
Chai ikapoa. Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake.
“Unaenda nalo Kaunas?”
Ndiyo, nikasema. Kila wiki.
Akageukia ukuta.
“Usilikimbize.”

Niliposhuka, Ugnė alikuwa ameshaziba kopo la pili.
Bampa zote mbili zilikuwa kwenye blanketi, zimetazamana.
Juu ya kopo, kwa mwandiko wake ulionyooka:
nyuma, chini ya taa.
Zisirudishwe bado.