Usiwashe Feni

Usiwashe feni, Mnyachi. Najua ni Februari,
najua Chikongola nzima leo hakuna jani linalotikisika
na shati limekuganda mgongoni kama stempu.
Vumilia. Kioo kipo mezani,
na matone elfu sita bado mabichi.

Kila tone lina kisima chake, chembamba kuliko unywele,
na ndani yake tumetia wino usioandika neno.
Ukikauka vizuri, unawaka.
Ukikauka vibaya, basi tena.

Tazama daftari la risiti, pale ulipomwaga kahawa:
katikati pamefifia kama mchanga,
pembeni pamejichora wanja.
Ukingo hukauka kwanza. Ukikauka
huyaita maji ya katikati yaje kuziba pengo,
na maji hayaji mikono mitupu:
hubeba kila kilichomo, hukitua mpakani,
kisha huondoka hewani bila kuaga.

Ndivyo nuru yetu ya mwezi uliopita ilivyotoka pete.
Pete nyekundu, pete za kijani, katikati kiza.
Nilizihesabu kwenye darubini hadi mia nne,
nikaacha, nikala korosho.

Mama yangu, Somoe binti Likunda, alivuna chumvi
Kitunda, ng'ambo ya ghuba ya Lindi,
kwenye majaruba ya nyuma ya mikoko.
Kiyeyusho hakukijua kwa jina. Alijua
jua la saa saba likiachiwa peke yake
hutoa chumvi ya unga, chungu, ya kulambisha ng'ombe.
"Maji hayakemewi," alisema,
akayafungulia ya jana yaingie kwenye ya leo.

Nami nimechanganya.
Mmoja mwepesi, huruka kama umbeya;
mwingine mzito, huaga mlangoni nusu saa.
Mwepesi akikimbilia ukingoni
mzito humshika shati, humrudisha ndani,
na wakivutana sawasawa tone hulala bapa
kama uji uliopoa bila kufanya ngozi.
Saba kwa tatu. Hicho kilikuwa kipimo cha jana.
Leo hewa ina unyevu mwingine, sijui.

Zikabaki safu za pembeni. Zile zilinikosesha usingizi.
Kioo kizima nacho ni tone, Mnyachi.
Tone la katikati limezungukwa,
linavuta pumzi za jirani, halikauki kwa pupa.
La mwisho lina jirani upande mmoja,
upande wa pili lina Mtwara yote.

Ndiyo maana nikachapa safu tatu zaidi
nje ya mpaka, pasipo na waya.
Ukaniuliza: hizi zitawaka lini?
Haziwaki. Zinatoa jasho tu,
ili za ndani zisikauke peke yao.

Siku ile sikukujibu hivyo. Nilisema "acha maswali."
Nilikuwa nawaona Mama, na Esha Mkwepu, na Mwanahiba,
migongo mitatu imeinamia majaruba,
na karani wa shule akiihesabu ada yangu, noti kwa noti,
noti zimekakamaa kwa chumvi.
Mwanahiba hakujua kusoma.
Aliwahi kuniuliza: huko unakokwenda, watu hukauka?

Saa tisa na robo. Shusha kifuniko.
Fungua pampu robo zamu. Robo, nimesema!
Hewa itoke kama mgeni mstaarabu,
asiondoke na mkeka.

Sasa tungoje. Usiegemee meza.
Geuka kidogo, nione mgongo wako.
Limekauka, shati lako. Limeacha ramani ya chumvi,
na ukingo wake mweupe, mweupe kabisa.
Nawe, kijana, ulihitaji kuchanganywa na kitu kizito.