Kata

Kabla ya mfumo kulikuwa na madaftari,
yale yale ya shule, ya kurasa thelathini na mbili,
jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.
Mtu alikuja na homa yake ameikunja kwapani.
Saba mara nane, hamsini na sita,
na upande wa pili, kwa mwandiko wa mganga,
jambo ambalo mumewe hakupaswa kulisoma.

Lilisomwa. Panya walilisoma,
mvua ya Machi ililisoma paa lilipovuja,
na muuza karanga pale stesheni
alifungia karanga zake ukurasa wa mtu:
kisonono, sindano tatu, arudi Ijumaa.
Usoke nzima ikatafuna, ikatema maganda.

Kadi za dirisha la tatu hazikuhitaji kusomwa.
Zilikuwa za njano. Rangi ilitosha.
Wanawake wakazificha ndani ya khanga,
na kila aliyebana kitu ndani ya khanga
tulijua amebana nini.

Kisha kompyuta nne zikashuka na treni,
na kijana Magembe akatoka Tabora mjini kutufundisha.
Nywila ni kama mswaki, alisema, haiazimwi.
Na mashine huandika nani kafungua faili gani, saa ngapi.
Kapela wa maabara akacheka:
ingekuwapo zamani, wachawi wangekosa kazi.

Mzee mmoja wa tumbaku aliniletea dumu la asali,
anataka kujua damu ya binti anayeposwa na mwanawe.
Nilimrudishia dumu lake mbele ya foleni,
kwa sauti, ili nisikike.
Wiki nzima nilitembea nimeinua kidevu.

Lakini Kalunde ni dada yangu.
Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na moja,
meno yake ya utoto niliyarusha mimi juu ya paa.
Nilipoona jina lake kwenye orodha ya dirisha la tatu
mkono haukuniuliza.
Herufi saba tu, kioo kikafunguka.
Ilikuwa saa tisa na dakika nne alasiri.
Mashine iliandika 15:04, na jina langu: Nyamizi.

Miaka sita.
Kumbe ile simu inayolia kila usiku saa tatu,
aliyosema ni ya kumkumbusha kufunga kuku.

Jumapili nilikwenda kwake.
Akasonga ugali, akaunga nsansa kwa karanga,
tukamsengenya shangazi kama kawaida.
Simu ikalia.
“Kuku,” akasema, akainuka.
“Nenda, nenda kawafunge,” nikasema.
Upesi mno.

Kuku wale walikufa kwa mdondo mwaka juzi.
Tangu hapo kila simu ikilia mimi humtania,
kuku gani, Kalunde, mizimu ya kuku?
Naye hucheka, huingia chumbani, hurudi akifuta midomo.
Usiku ule sikumtania.
Alisimama mlangoni akanitazama
kama mtu anayehesabu sarafu gizani.

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua.
Yeye hakuyaficha.
Kila mwezi aliyabeba kwa miguu yake,
akayaweka mezani mbele ya watu wawili aliowachagua.
Mimi sikuwamo.

Tena husemwa siri ya mtungi aijuaye kata.
Sawa, lakini kata huzama ikishikwa na mkono wa mwenye kiu.
Mimi nilijitosa bila kutumwa,
na sasa napita njia za Usoke
nachuruzika maji ya mtu.

Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi.
Atashusha kidole kwenye orodha, atafika kwangu,
ataniuliza, nitajibu, nitaandika barua.
Huyo simwogopi.

Jumapili hii nimealikwa tena.
Nimenunua mitetea miwili na jogoo,
wako kwenye tenga, miguu imefungwa kwa kamba.
Sijui nikifika nitasema ni ya nini.